Kichwa cha Mwendawazimu na Darasa la Kwanza

Waswahili wana msemo wa kichwa cha mwendawazimu. Ni kichwa ambacho kila anayetaka kujifunza kunyoa hukikimbilia, kwa kuwa mwenye kichwa hajui kulalamika, na hata akilalamika hakuna anayemsikiliza. Nchini Tanzania msemo huu unahusishwa na Rais wa zamani Ali Hassan Mwinyi, aliyeutumia kuizungumzia timu ya taifa ya soka. Mimi nikiutafakari kama mwanafunzi wa ualimu naona kuna mahali unapofaa zaidi ya uwanja wa mpira, napo ni darasa la kwanza la shule ya msingi. Mageuzi mengi ya elimu huanzia hapo. Lugha mpya ikiingizwa, darasa la kwanza ndilo huipokea. Kitabu kikibadilishwa, hapo ndipo huanza kusomwa. Mradi ukileta redio, simu au kompyuta ndogo, mara nyingi mtoto wa miaka sita au saba ndiye wa kwanza kuishika. Mtoto huyo hawezi kuandika barua kwa waziri. Hawezi kuamua kuhama shule. Akishindwa kusoma mwisho wa mwaka, ataambiwa ni mzito wa kichwa, na mbinu iliyomshinda haitatajwa popote.

Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii ni hili: je, ni haki kumjaribia mtoto mdogo mbinu mpya ya kuongoza darasa, au chombo kipya cha kufundishia, ilhali hatujui kama kitamfaa? Nilitoka na swali hili Muyinga, ambako nilifanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi. Kwanza nitaonyesha kwa nini kujaribu hakuepukiki. Kisha nitatazama majaribio machache ya Afrika Mashariki, makubwa na madogo, tuone yalimweka wapi mtoto. Mwisho nitaeleza masharti ambayo, kwa maoni yangu, humpa mwalimu haki ya kujaribu, na nitasema jambo moja linalotuhusu sisi wanafunzi na wahadhiri wetu.

Wapo wanaoona jibu ni rahisi: mtoto asijaribiwe, afundishwe kwa njia zilizozoeleka. Hoja hii inastahili heshima. Mzazi wa Giteranyi au Butihinda anayeamka alfajiri kwenda shambani, akamwacha mtoto aende shule badala ya kumsaidia kuchunga mbuzi, hakumtoa mtoto huyo ili awe somo la utafiti wa mtu. Amemtoa ili asome. Na mwaka wa mtoto si kama msimu wa maharagwe, ambapo mkulima akikosea mbegu mwezi wa pili anaweza kujaribu tena msimu unaofuata. Mtoto aliyepoteza mwaka wa kwanza huingia wa pili akiwa na pengo, na pengo hilo hukua kila mwaka.

Lakini tuulize: njia zilizozoeleka ni zipi? Historia ya shule ya Burundi haituonyeshi njia moja iliyorithiwa na kila kizazi. Katika miaka ya 1970 uliamuliwa mpango wa kufundisha madarasa ya mwanzo kwa Kirundi. Katika miaka ya 1980 shule ziliingia mfumo wa zamu mbili, kundi moja likisoma asubuhi na jingine mchana katika chumba kilekile. Mwaka 2005 ada ya shule ya msingi ilifutwa, na madarasa yakafurika watoto ambao wazazi wao walikuwa hawana uwezo wa kulipa. Katika miaka ileile ambayo nchi ilikuwa ikijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, uanachama ulioanza rasmi 2007, Kiswahili na Kiingereza viliingizwa katika shule ya msingi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Mwaka 2013 ukaanza mfumo wa shule ya msingi ya miaka tisa. Sisi tunaosoma Kiswahili leo ni matunda ya mojawapo ya majaribio hayo. Katika familia moja, baba amesoma chini ya mpango mmoja, dada mkubwa chini ya mwingine, na mtoto wa mwisho chini ya wa tatu. Kile tunachokiita kawaida ni jaribio la jana ambalo watu wamelizoea.

Hata fimbo ni jaribio. Mara nyingi nimewasikia watu wazima wakisema kwamba fimbo ndiyo iliyowafikisha walipo. Sikatai kwamba wanasema wanachokiamini. Hata hivyo ushahidi wao una kasoro moja kubwa: wanaoutoa ni wale waliobaki shuleni. Yule aliyekimbia shule akiwa darasa la pili kwa kuogopa kuchapwa hayupo katika ukumbi wa mihadhara kutoa ushahidi wake. Yuko shambani, au anaendesha baiskeli ya mizigo, na hakuna aliyewahi kumwuliza fimbo ilimfikisha wapi. Burundi iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na ibara ya 28 ya mkataba huo inataka nidhamu ya shule ilingane na utu wa mtoto. Kwa hiyo mwalimu anayeendelea na fimbo hajakaa pembeni akiwatazama wanaojaribu. Naye anafanya uchaguzi, na mtoto ndiye anayeubeba mgongoni.

Ikiwa ni hivyo, swali letu halina budi kubadilika kidogo. Kujaribu na kutojaribu vyote vina gharama kwa mtoto. Kinachobaki kuulizwa ni jaribio la namna gani linaloweza kuitwa la haki, na lipi linamfanya mtoto kuwa kichwa cha mwendawazimu. Majaribio ya jirani zetu yanaweza kutusaidia kufikiri.

La kwanza ni la mkoa wa Tanga, Tanzania. Kati ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2019, shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE, kwa ushirikiano na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania, liliwapa watoto karibu 3,000 wa vijiji vipatavyo 170 tableti, au vishikwambi kama wanavyoviita Watanzania. Vijijini humo viliwekwa vituo vya kuchajia vya umeme wa jua. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamewahi kwenda shule. Programu zilizomo zilikuwa za Kiswahili, na wazo lilikuwa kwamba mtoto ajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa karibu nusu. Mwezi wa tano 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana dola milioni 10, na programu zikawekwa wazi ili yeyote azitumie.

Sioni haki ya kulidharau jaribio hili. Watoto hawakunyang'anywa mwalimu, kwa kuwa wengi hawakuwa naye. Walipimwa kabla na baada, jambo ambalo wenye fimbo hawakulifanya kamwe. Na anayejua kusoma leo kwa sababu ya kishikwambi kile hawezi kuambiwa kwamba alidhulumiwa. Hata hivyo nawaza juu ya wale ambao baada ya miezi 15 bado hawakuweza kusoma neno. Katika hesabu za shindano wao ni sehemu iliyobaki. Katika kijiji wao ni watoto waliokaa na chombo kilekile ambacho wenzao walifaulu nacho, na pengine wameanza kuamini kwamba kasoro ni yao. Chombo kingeweza kurekodi kwamba mtoto amekosea mara ishirini. Kumwambia "twende kwa njia nyingine, hukukosa wewe, njia hii haikukufaa" kunahitaji mtu aliye karibu naye.

La pili ni la Kenya. Serikali iliyoingia madarakani 2013 iliahidi kompyuta ndogo kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Ahadi hiyo ikageuka kuwa tableti, zikaanza kusambazwa 2016, na hatimaye zikazidi milioni moja. Katika miaka hiyohiyo kulikuwa na jaribio jingine dogo lisilotangazwa katika mikutano ya kampeni. Mradi wa kusoma uitwao PRIMR ulilinganisha Kisumu njia tatu za kutumia teknolojia: kuwapa tableti maofisa wanaowatembelea walimu madarasani, kuwapa walimu, na kuwapa wanafunzi vyombo vya kusomea vya kielektroniki. Matokeo ya watoto katika kusoma hayakutofautiana sana kati ya njia hizo tatu, lakini gharama zilitofautiana mno. Mpango wa kitaifa wa Tusome ulioanza 2015 ukachagua njia ya bei nafuu: tableti zilikwenda kwa maofisa, na mtoto akapewa kitabu chake cha karatasi.

Tofauti ya majaribio haya mawili ya Kenya inanifundisha jambo. Katika lile la kwanza, jibu lilijulikana kabla ya swali, kwa kuwa ahadi ilishatolewa. Hata kama watoto wangeonyesha kwamba chombo hakiwasaidii, ingekuwa vigumu kwa mtu yeyote kurudi nyuma. Katika lile la pili, kile ambacho watoto walionyesha kiliweza kubadili uamuzi. Wa Kisumu walijaribiwa pia, lakini sauti yao, hata kama ilikuwa sauti ya alama za mtihani wa kusoma, ilikuwa na nguvu.

La tatu ni la Zanzibar. Katika miaka ya 2000 vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze viliwafundisha watoto wadogo ambao hawakupata nafasi katika shule za awali. Mtangazaji huuliza, kisha hunyamaza kidogo ili watoto wajibu, waimbe au waruke. Naona katika kimya kile kifupi kuna fundisho zima la falsafa. Redio inauliza, lakini haina masikio. Watoto wakijibu vibaya, wakilia, au wakitoka nje kwenda kutazama gari lililopita, mtangazaji ataendelea kusema "vizuri sana!" Anayesikia ni mlezi aliyekaa nao mkekani. Chombo hakiwezi kuachiwa sehemu ya kusikia, hata kiwe cha bei gani.

Hadi hapa nimezungumzia miradi yenye fedha nyingi. Sasa nirudi Muyinga, ambako majaribio hayahitaji dola wala umeme. Darasa nililopangiwa lilikuwa na watoto zaidi ya themanini, watatu au wanne kwa dawati. Mwalimu wao, mama mwenye uzoefu wa miaka mingi, alikuwa ameamua kuachana na fimbo. Mahali pake aliweka makopo ya nyanya, moja kwa kila mstari wa madawati. Mstari ukitulia, anatia punje ya harage katika kopo lake. Ukipiga kelele, anatoa punje. Siku ya Ijumaa punje huhesabiwa, na mstari wenye nyingi hutoka kwanza na kuchagua wimbo wa kufungia juma.

Kabla ya siku nne kupita darasa lilikuwa kimya kiasi kwamba ungesikia kuku wakiparua nje. Mkurugenzi wa shule alipita dirishani, akasimama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Katika ripoti yoyote ya mazoezi ya kufundisha, hii ingeandikwa kuwa mbinu iliyofaulu.

Kulikuwa na mvulana ambaye familia yake ilikuwa imerudi kutoka ukimbizini Tanzania. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wote, lakini Kirundi cha ubaoni kilimpa shida, kwa hiyo alikuwa na desturi ya kumnong'oneza jirani yake na kumwuliza neno hili ni nini. Jirani alimjibu, naye akaandika. Mnong'ono huo ndio uliokuwa daraja lake. Makopo yalipokuja, kila mnong'ono ulihatarisha punje za mstari mzima. Wenzake walianza kumfinya. Hawakuwa watoto wabaya, walitaka tu kushinda. Baada ya siku chache aliacha kuuliza. Alikaa wima, mikono juu ya dawati, na ukurasa wake ulibaki mweupe. Machoni pa mtu aliyepita dirishani, alikuwa mwanafunzi mwenye nidhamu.

Mwalimu aliuona ukurasa ule mweupe alipopita kusahihisha. Hakumkaripia mtoto. Aliniambia kwamba ametambua kimya kile kina mtu ndani yake anayezama. Ijumaa aliwauliza watoto kama wanayapenda makopo. Wote waliitikia kwa pamoja kwamba wanayapenda, kama watoto wanavyoitikia kila kitu. Basi akafanya jambo ambalo sikulisoma katika kitabu chochote. Alimpa kila mmoja punje ya harage na kijiwe, akawaambia kwa Kirundi kwamba wakitoka, anayetaka mchezo uendelee atie harage ndani ya mfuko uliofunikwa kitambaa, na anayetaka uachwe atie kijiwe. Hakuna atakayeona. Vijiwe vilikuwa vingi kuliko nilivyotarajia. Wiki iliyofuata aliacha kutoa punje, akabaki kutia tu, na akaweka katikati ya kila somo dakika mbili za kunong'ona, ambapo kila mtoto ana ruhusa ya kumwuliza jirani yake lolote kwa lugha yoyote. Kelele zilirudi kiasi. Mkurugenzi hakutikisa kichwa tena kwa kuridhika. Mvulana yule alianza kuandika.

Kisa hiki kinanionyesha kwamba kuacha fimbo hakutoshi kulifanya jaribio kuwa la haki. Makopo hayakumpiga mtu, lakini yaliwakabidhi watoto kazi ya kumwadhibu mwenzao. Mbinu hiyo ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza jinsi katika shule za kikoloni za Kenya mtoto aliyekamatwa akizungumza lugha ya mama alivyopewa kitu cha kumtambulisha, naye akakipitisha kwa mwingine aliyemsikia akifanya hivyo, hadi jioni wote wakawa wapelelezi wa wenzao. Orodha ya wapiga kelele ambayo kiongozi wa darasa huiandika mwalimu anapotoka ni ndugu wa kitu hicho. Wengi wetu tumewahi kuandikwa humo, na baadhi tumewahi kuandika.

Teknolojia inaweza kuongeza uzito wa jambo hili. Siku hizi zipo programu za simu na kompyuta ambazo humpa kila mtoto alama za tabia, na alama hizo huonekana na darasa zima au hutumwa kwa mzazi papo hapo. Huenda nazo zitafika Muyinga. Zinafanana sana na makopo ya maharagwe, isipokuwa katika jambo moja: kopo humwagwa Ijumaa. Jumatatu kila mstari huanza na kopo tupu, na kosa la juma lililopita limeshaliwa na kuku. Programu huhifadhi. Mtoto wa miaka saba ana haki ya makosa yake kusahauliwa, kwa kuwa bado hajawa mtu yule ambaye kumbukumbu hiyo itamsimulia. Mwalimu anayechagua chombo aulize kwanza kinasahau lini.

Sasa naweza kueleza masharti niliyoahidi. Sharti la kwanza ni kwamba mtoto awe na njia ya kusema kuwa jaribio linamwumiza, na neno lake liweze kubadili jambo. Hapa sina haja ya kuazima mbali. Katika utamaduni wetu wa Burundi, abashingantahe, wazee waliopewa jukumu la kuamua magomvi, walijulikana kwa kusikiliza pande zote kabla ya kutamka hukumu. Alama yao ni intahe, fimbo ambayo mzee huigonga chini anapozungumza kwa niaba ya haki. Napenda tofauti hiyo ya fimbo mbili. Moja hugongwa ardhini ili watu wasikilizane, nyingine hugongwa mwilini ili mtu anyamaze. Mwalimu wa makopo alifanya kazi ya mushingantahe kwa kutumia mfuko na vijiwe.

Kuna atakayepinga kwamba mtoto hajui kinachomfaa, na ukimpa kura atapiga kura ya kwenda kucheza. Ni kweli kwamba mtoto hajui kama kusoma kutamsaidia atakapokuwa na miaka thelathini. Jambo hilo ni letu kulijua. Lakini yapo mambo ambayo yeye ndiye shahidi pekee: anajua kama anaogopa, kama amepotea katikati ya somo, kama wenzake wanamfinya chini ya dawati. Kumwuliza hayo hakumfanyi kuwa waziri wa elimu. Na kwa wanaosema kwamba darasa la watoto themanini halina muda wa kusikilizana, najibu kwamba zoezi la vijiwe lilichukua muda ule ambao watoto wangeutumia kutoka mlangoni.

Sharti la pili ni kwamba anayejaribu abebe sehemu ya gharama na awepo matokeo yanapokuja. Mwalimu yule yule alikuwa akirekodi sauti za watoto wakisimulia hadithi kwa simu yake, kisha anawasikilizisha kwa spika ndogo, na watoto walifurahi kusikia sauti zao kuliko nyimbo zozote. Shule haikuwa na umeme, kwa hiyo alilipia kuchaji simu katika duka la sokoni kwa fedha zake. Sisemi kwamba ni haki mwalimu alipie vifaa vya shule, kwa kweli si haki. Nasema kwamba jaribio likishindwa alikuwa na cha kupoteza, na Jumatatu angekuwa bado mbele ya watoto walewale. Anayejua kwamba atakuwepo Jumatatu hujaribu kwa uangalifu. Anayeondoka Ijumaa hujaribu kwa ujasiri usio wake.

Sharti hili la pili linatugusa sisi. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alifundisha kwamba mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Uzito wa fundisho hilo umo katika neno "tu". Watoto wa Muyinga ni njia yetu ya kupata alama za mazoezi ya kufundisha, na kupitia alama hizo, shahada. Hilo peke yake si kosa, maana daktari naye hujifunza kwa wagonjwa na kinyozi hujifunza kwa vichwa. Linakuwa kosa pale ambapo mpangilio wote wa mazoezi unamfanya mtoto kuwa chombo na basi. Tunafika katikati ya muhula. Tunatakiwa kuonyesha mbinu mpya kwa sababu mhadhiri anakuja kutukagua. Tunapanga vikundi, tunabandika picha, tunaleta simu, tunapigiwa makofi. Baada ya wiki chache tunapanda basi, na ripoti inaandikwa kwamba mbinu imefaulu. Kama vikundi vile vilimwacha mtoto fulani nyuma, atakayegundua ni mwalimu wa darasa, mwezi mmodja baadaye, wakati sisi tumeshapewa alama.

Napendekeza mambo matatu ambayo hayahitaji bajeti. Kwanza, mwanafunzi asianzishe mbinu yoyote ambayo mwalimu wa darasa hajaikubali na hayuko tayari kuiendeleza au kuifuta. Pili, fomu ya ukaguzi iwe na swali la kuuliza watoto walisema nini juu ya mbinu hiyo na mwanafunzi alibadili nini baada ya kuwasikia. Mwanafunzi aliyesimamisha mbinu iliyokuwa inaumiza apate alama sawa na yule ambaye mbinu yake ilifaulu. Sasa hivi anayesimamisha huonekana ameshindwa, na hilo linatufundisha kuficha. Tatu, muhula unaofuata mwalimu wa darasa aulizwe hali ya watoto, na jibu lake liwekwe pamoja na ripoti ya mwanafunzi.

Najua kwamba katika nchi yetu mambo makubwa zaidi yanangoja: madawati, vitabu, vyumba vya madarasa. Lakini hata siku tutakapokuwa na vyote hivyo, bado kutakuwa na mtu mzima mmoja anayesimama mbele ya watoto wengi na kuamua leo tutafanya hivi. Uamuzi huo hauna bei, kwa hiyo hauwezi kungoja bajeti. Wahadhiri wetu wanaweza kuanza na wanafunzi watakaotumwa Muyinga, Gitega na kwingineko katika muhula ujao. Kinachohitajika ni ukurasa mmoja zaidi katika fomu ya ukaguzi.